Uskauti, uongozi na kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wazazi walioletewa fomu ya kambi, vijana wanaoandika wasifu wa kazi kwa mara ya kwanza, walimu waliopewa ulezi wa skauti bila kuulizwa kama wanautaka na, mara mojamoja, waajiri. Anayejibu anaupenda uskauti, ila hakubaliani na kila kinachofanywa kwa jina lake.

Je, ni kweli uskauti humfanya kijana awe kiongozi?

Unaweza, kwa sharti moja: kijana apewe madaraka ya kweli, yenye matokeo ya kweli. Mengine yote, yaani sare, beji, mafundo ya kamba na nyimbo, ni ya kusindikiza.

Msingi wa uskauti ni kikosi kidogo cha vijana sita hadi wanane, kikiongozwa na kijana mwenzao. Mwanzilishi wa uskauti, Baden-Powell, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, alichukua wavulana wapatao 20, wengine wa shule za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, akawagawa katika vikosi vinne. Kila kikosi kilikuwa na kiongozi wake, na kiongozi huyo ndiye aliyeulizwa mambo ya kikosi chake. Wazo hilo hakulitoa hewani. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, mji wa Mafeking, Afrika Kusini, alikokuwa yeye mwanajeshi, ulipozingirwa tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900, wavulana walipewa kazi za kupeleka ujumbe na kusaidia hospitalini, nao wakazifanya. Vita si mahali pa mtoto, na hilo halina mjadala. Lakini alichokiona pale ni kwamba kijana akiaminiwa hujitahidi afanane na imani aliyopewa.

Mbona sisi tunawaona wakivisha wageni rasmi skafu na kupanga watu kwenye sherehe tu?

Kwa sababu hapo ndipo penye kamera. Kuvisha skafu ni heshima, na gwaride zuri linapendeza. Tatizo ni kundi ambalo halina kitu kingine: mwaka mzima ni mazoezi ya gwaride, kumpokea mgeni, kusimama juani na kurudi nyumbani. Kijana wa kundi la namna hiyo anajifunza nidhamu ya mwili na uvumilivu, ambavyo si haba, lakini uongozi hajaugusa. Hajaamua chochote. Ameambiwa "kulia geuka", akageuka.

Mzazi ukitaka kujua kundi la mwanao ni la namna gani, usimuulize mlezi. Muulize mtoto: "Mara ya mwisho nyie wenyewe mliamua nini?" Akikosa jibu, umeshapata jibu.

Kambini kunafanyika nini hasa kinachofanana na kazi?

Chukua kikosi cha vijana saba, kambi ya siku tatu, na kiongozi wa miaka 15. Wiki moja kabla, ni lazima ajue watakula nini: sembe kilo ngapi, maharage kilo ngapi, mafuta, chumvi, na nani analeta sufuria yenye mfuniko. Fedha ni za michango, na yupo mmoja ambaye kwao mchango haujapatikana. Kiongozi ndiye anayelijua hilo. Amwambie mlezi faragha, wenzake wamchangie kimyakimya, au amwache abaki nyumbani akijisingizia ugonjwa? Hapo hajafunga hata fundo moja, na tayari ana bajeti, orodha ya vifaa na siri ya mtu mikononi.

Jioni ya kwanza maharage yanabandikwa saa kumi na moja bila kulowekwa. Aliyepangiwa kuyaloweka asubuhi alikwenda kucheza mpira. Saa mbili usiku bado ni magumu, kuni zimelowa kwa manyunyu, na kikosi cha jirani kimeshakula, kinaimba. Wawili wamenuna, mmoja anataka kwenda kuomba wali kwa jirani, na aliye mdogo kuliko wote machozi yanamlengalenga. Mlezi anayaona yote kwa mbali na, kama anaijua kazi yake, hasogei. Kiongozi anaweza kufoka. Wengi hufoka, wakagundua kwamba maharage hayaivi kwa kufokewa. Anayeelewa haraka hukoroga uji watu wapate cha kutia tumboni, huyaacha maharage motoni yawe ya kesho, na suala la aliyesahau huliweka hadi asubuhi, watu wakiwa wameshiba na hasira zimepoa.

Asubuhi kuna baraza la viongozi wa vikosi. Pale anatakiwa aeleze jana kulitokea nini kwake, na hawezi kusema "fulani alisahau" akaishia hapo, maana wenzake watamuuliza: "Wewe ulikagua saa ngapi?" Swali hilo, kwa maneno hayohayo, ndilo atakaloulizwa miaka kumi baadaye akiwa msimamizi wa zamu kiwandani, muuguzi kiongozi wa wodi au fundi mkuu kwenye jengo la ghorofa nne. Tofauti ni kwamba kambini hasara yake ilikuwa usiku mmoja wa uji.

Hiyo ndiyo faida ambayo mara nyingi haisemwi. Shuleni kiranja mkuu ni mmoja, na makosa yake huonekana na shule nzima. Katika kundi la skauti lenye vikosi vitano kuna viongozi watano, manaibu watano, watunza stoo watano, na kosa la kila mmoja ni dogo kiasi cha kurekebishika. Wengi wanapata zamu. Hata yule mpole asiyechaguliwa darasani anaweza kujikuta ameshika daftari la vifaa, na watu wote wanamtegemea kwa taa na mashoka.

Kuna utafiti wowote, au ni simulizi za wapenzi wa skauti?

Upo, ingawa mwingi ni wa nchi tajiri. Unaotajwa zaidi ulitoka mwaka 2016, kazi ya watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow. Walitumia kumbukumbu za karibu watu 10,000 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958 na kufuatiliwa maisha yao yote. Kama robo yao waliwahi kuwa skauti au Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na skauti. Walipofika umri wa miaka 50, waliopitia huko walikuwa na uwezekano mdogo kwa takriban asilimia 15 wa kusumbuliwa na wasiwasi au matatizo ya hisia kuliko wengine. Zaidi ya hapo, pengo la afya ya akili kati ya waliokulia katika umaskini na waliokulia katika unafuu lilikuwa jembamba kwa wale waliokuwa skauti.

Soma matokeo hayo kwa tahadhari. Watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu nani aingie skauti na nani abaki. Huenda familia zilizowapeleka watoto wao zilikuwa na kitu kingine cha ziada ambacho watafiti hawakuweza kukipima chote. Na utafiti ule ulihusu afya ya akili, haukupima vyeo wala mishahara. Hata hivyo, kwa mtu anayesimamia watu, kuweza kulala usingizi usiku wenye matatizo ni sehemu ya kazi.

Je, watu maarufu waliokuwa skauti ni ushahidi?

Kidogo sana. Ni kweli Neil Armstrong alifika ngazi ya juu kabisa ya skauti wa Marekani, Eagle, sawa na Rais Gerald Ford, na kwamba kati ya watu 12 waliokanyaga mwezi, 11 waliwahi kuwa katika uskauti. Lakini enzi zao uskauti ulikuwa umeenea mno miongoni mwa wavulana wa Marekani. Orodha za namna hii zinanogesha hotuba tu.

Niandikeje uskauti kwenye wasifu wa kazi?

Andika ulichofanya, usiandike ulivyo. Mstari unaosema "Nilikuwa skauti, nina uwezo mkubwa wa uongozi na kufanya kazi kwa ushirikiano" unapatikana kwenye wasifu wa kila mwombaji, hata ambaye hajawahi kuongoza mbuzi. Linganisha na huu: "Kiongozi wa kikosi cha vijana saba kwa mwaka mmoja. Nilipanga chakula na matumizi ya kambi mbili, nilitunza daftari la vifaa na kuwafundisha wanachama wapya huduma ya kwanza." Hapo msomaji anaona watu, fedha, vifaa na mafunzo. Kama ulipata beji, taja ile inayohusiana na kazi unayoomba. Beji ya huduma ya kwanza ina maana kwa hoteli au kampuni ya utalii. Beji ya kupiga kambi haimhusu mwenye duka la dawa.

Weka chini ya uzoefu wa kujitolea, na uiondoe ukishapata miaka kadhaa ya kazi yenyewe. Mtu wa miaka 38 anayeanza wasifu wake na kambi ya kidato cha pili anatia shaka amekuwa akifanya nini tangu hapo.

Na kwenye usaili?

Hapo ndipo skauti wa zamani ana mtaji na wengi hawautumii. Wasaili hupenda maswali kama "Tueleze siku ulipotofautiana na mwenzako, ulifanyaje?" Kijana aliyetoka chuoni jana hana mfano wa kazini, basi anaanza kueleza nadharia. Skauti anayo ile jioni ya maharage. Aieleze kwa mpangilio: hali ilikuwaje, jukumu lake lilikuwa lipi, alifanya nini, ikaishaje, na safari iliyofuata alibadilisha nini.

Angalizo moja. Tumelelewa tusijisifu, na lugha yetu inatusaidia kujificha: "tulipanga", "tulitatua", "tulifanikiwa". Mbele ya kamati ya usaili, "tu-" nyingi zinaacha swali la mkono wako ulikuwa wapi. Sema "nilipendekeza", "nilikagua", halafu uwataje wenzako pale walipofanya wao. Huko si kujisifu, umeulizwa wewe.

Skauti hupewa upendeleo kwenye ajira za jeshi au polisi?

Soma tangazo la ajira lenyewe. Sifa zinazotakiwa huandikwa humo. Mtu anayekuambia cheti cha skauti kitakupitisha, na kwamba anahitaji "ya kuwahimiza wahusika", ni tapeli.

Mimi nimejiajiri. Uskauti utanisaidia nini?

Vijana wengi wa kwetu hawataajiriwa ofisini, kwa hiyo swali hili lingestahili kuwa la kwanza. Mwenye genge, fundi seremala au dereva wa bodaboda haandiki wasifu. Kinachombeba ni mambo mawili aliyoyafanya akiwa mtunza stoo wa kikosi: kuandika kilichotoka na kilichorudi, na kushika fedha za wengine bila kuzichanganya na zake. Angalia vikundi vya kuweka na kukopa vinavyovunjika. Mara nyingi hesabu haikuwa ngumu. Mtu alikopa kidogo kwenye sanduku akidhani atarudisha kabla ya mkutano. Kijana aliyewahi kusimama mbele ya wenzake akisoma matumizi ya kambi, shilingi hadi shilingi, ameshaizoea ile hofu njema ya kuulizwa.

Hawi mwaminifu kwa sababu tu alikula ahadi ya skauti. Wezi waliokula ahadi wapo.

Mimi ni mwajiri. Nimuulize nini anayejitaja kuwa skauti?

Maswali matatu yanatosha. Kikosi chako kilikuwa na watu wangapi? Nani alikuwa mgumu, na ulimfanyaje? Kitu gani mlezi wenu alikuachia ukakiharibu? Aliyeongoza kweli atacheka kidogo kabla ya kujibu la tatu, kisha atakupa kisa chenye majina na mahali. Aliyevaa sare tu atakuambia umuhimu wa uongozi katika jamii.

Uskauti unaweza kumharibu mtu kazini?

Naam, na wanaouendesha hawapendi kulisema.

Kuna anayebaki na sauti ya gwaride. Anaingia ofisini akiwa mkuu wa kitengo, anawaita watu kama anakagua mstari, na anashangaa kwa nini fundi wa miaka 50 hamsikilizi. Kuna aliyezoea ngazi na beji, kila kitu akifanye apewe alama. Kazini mwezi wa kwanza unapita bila mtu kumpigia makofi, anakata tamaa. Na kuna mtiifu kupita kiasi. Moja ya kanuni za skauti inahusu utii kwa wakubwa, na kijana aliyeielewa vibaya anaweza kuweka sahihi kwenye hati ya malipo asiyoielewa kwa sababu bosi amesema. Mkaguzi wa hesabu hatamuuliza bosi kwanza. Atamuuliza mwenye sahihi. Walezi wanapofundisha utii wafundishe pia jinsi ya kukataa kwa adabu: "Samahani mzee, hapa sijaelewa, naomba maelekezo kwa maandishi."

Mwanangu atashuka darasani kwa sababu ya kambi?

Kambi nyingi hufanyika likizo. Panga na mlezi, na kwenye mwaka wa mtihani wa taifa mpunguzie shughuli. Kama anashuka, mara nyingi simu ina mchango mkubwa kuliko skauti.

Na wasichana?

Kenya na Tanzania wasichana wanajiunga na skauti pamoja na wavulana, na chama cha Girl Guides kipo kwa wanaopenda kundi la wasichana peke yao. La kutazama ni nani anaongoza na nani anapika. Kundi ambalo msichana kila kambi ni naibu na mpishi linawafundisha wote kitu kibaya, na watakibeba hadi ofisini.

Nitajuaje mtoto wangu yuko salama?

Uliza bila haya. Chama cha skauti cha Marekani kiliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Februari 2020 kutokana na mashtaka ya watoto waliodhulumiwa kingono na viongozi kwa miongo kadhaa. Walalamikaji walizidi 82,000. Maovu hayo yalijificha nyuma ya sare na heshima. Anayekuambia "kwetu hayapo" hajui, au hataki ujue.

Hivyo: watu wazima wawepo wawili au zaidi, asiwepo mtu mzima anayelala hema moja na mtoto, wala kumchukua peke yake mahali pa faragha au kumwandikia jumbe za siri usiku. Wasichana wanaposafiri, awepo mlezi wa kike. Mzazi awe na ratiba, namba za simu na ruhusa ya kufika kambini bila taarifa. Mlezi akikasirika kwa maswali haya, mrudishe mtoto nyumbani. Kwa Tanzania na Kenya, namba ya msaada kwa mtoto ni 116, na kupiga ni bure.

Uskauti si jambo la wakoloni?

Ulikuja na wakoloni, ndiyo. Mwanzilishi wake alikuwa mwanajeshi wa himaya ya Waingereza, na miaka yake ya mwisho aliishi Nyeri, Kenya, alikofariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko hapohapo, na majivu ya mkewe Olave, aliyefariki mwaka 1977, yamezikwa pamoja naye. Kila Februari vijana wa skauti hulitembelea.

Lakini mpira nao ulikuja na meli hizohizo, na hakuna anayeutaka urudi. Wenyeji wameutengeneza uskauti wakautumia kwa mambo yao. Kenya wamezipa rika zao majina yao wenyewe: Sungura kwa wadogo, kisha Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipokea mkutano wa dunia wa skauti vijana wakubwa, wa kwanza wa aina yake kufanyika Afrika. Kwenye Maziwa Makuu, skauti wa Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo walijenga mradi wa amani wa Amahoro Amani, ukikutanisha vijana ambao wazazi wao walikuwa pande zilizouana. Uongozi wa kumtuliza kijana mwenye kisasi hakuna mkoloni aliyeuandikia mwongozo.

Nini hutokea wakubwa wenyewe wanaposhindwa kupanga?

Agosti 2023, zaidi ya vijana 40,000 walikusanyika SaeManGeum, Korea Kusini, kwa jamborii ya dunia, yaani kambi kubwa ya skauti wa nchi mbalimbali. Eneo lilikuwa tambarare lisilo na miti, lililopatikana kwa kuzuia bahari. Joto lilikuwa kali, mamia waliugua, malalamiko ya vyoo na usafi yakazagaa. Waingereza na Wamarekani waliondoa vijana wao mapema, kisha kimbunga kikakaribia na kambi nzima ikahamishwa. Nchi tajiri, miaka ya maandalizi, na ikakwama kwenye kivuli, maji na vyoo. Anayedhani mambo hayo ni ya wahudumu na kwamba kiongozi kazi yake ni hotuba ya ufunguzi, aisome kambi hiyo kwa makini.

Nimeteuliwa kuwa mlezi wa skauti na sijui lolote. Nianzie wapi?

Wapate vijana wanane tu kwanza, ukiwa na mia moja waambie wengine wasubiri muhula ujao. Wachague kiongozi wao kwa kura, nawe usimpe jina sikioni. Wape jambo dogo lenye mwisho unaoonekana: kusafisha kisima cha shule, au matembezi ya siku moja yenye chakula cha kupika. Kaa karibu kiasi cha kuzuia ajali na mbali kiasi cha kutoulizwa kila kitu. Wakikujia na "Mwalimu, tufanyeje?", jibu "Nyie mmefikiria nini?" Wiki mbili za mwanzo watakuona mvivu.

Mafunzo yapo. Wasiliana na kamishna wa skauti wa wilaya au kaunti yako, uliza kozi za awali za walezi, na baadaye ile ya Wood Badge, iliyoanza Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, ambayo mhitimu wake huvaa shanga mbili za mti shingoni. Umri si kizuizi, na si lazima uwe uliwahi kuwa skauti. Lete pia fundi, nesi au mhasibu wa mtaani kwako aje Jumamosi moja moja. Vijana humsikiliza zaidi mtu aliyekuja na vifaa vyake.